Kichupa cha Watoto Kumi

"Sita," alisema Nesi Dionisia, akafunga daftari. "Sita si kumi, Mama Amri. Sifungui."

Ilikuwa saa nne asubuhi, Oktoba ya mwaka tisini na tisa, na jua lilikuwa limeshakuwa kali. Wanawake sita walikaa barazani pa zahanati, kila mmoja na mwanawe, na katikati yao, juu ya kigoda, lilikuwepo boksi la bluu la barafu ambalo nesi alilifunga nyuma ya baiskeli na kulileta kutoka Nachingwea mjini tangu alfajiri. Friji ya zahanati ilikufa mwaka juzi. Kwanza ilikosa mafuta ya taa, halafu ikakosa utambi, mwisho ikafanywa kabati la madaftari. Tangu hapo chanjo ilikuja mara moja kwa mwezi kwa baiskeli, na ilirudi siku hiyo hiyo.

Ndani ya boksi kulikuwa na kichupa kimoja cha chanjo ya surua, unga mkavu wa watoto kumi. Ukishaukoroga na maji yake, chanjo haifiki jioni. Kilichobaki ni cha kumwaga, na kule mjini hawapendi kusikia habari za kumwaga.

"Nikimwaga dozi nne leo, mwezi ujao wananiuliza nimezipeleka wapi," alisema nesi. "Nimeshaulizwa. Sitaki tena."

"Na huko vinakotengenezwa," aliuliza Mwamini, huyo Mama Amri, "nao wanasubiriana mpaka wawe kumi?"

Nesi Dionisia alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Tulivyofundishwa, huko kila mtoto ana kichupa chake."

"Chake peke yake?"

"Peke yake."

Mwamini alimpakata Hajra vizuri. Mtoto alikuwa na miezi kumi, na tangu juzi hakutaka kuwekwa chini. Alikuwa na joto kidogo na mafua, na udenda ulimtoka, na kwa kuwa meno mawili ya juu yalikuwa yanachomoza, Mwamini alijua ni meno. Amri naye alipoota meno alifanya hivyo hivyo. Lililomtoa nyumbani si joto hilo. Siku kumi na mbili zilizopita alikuwa Mandawa na Hajra kwenye msiba wa shangazi yake, na habari zilizomfuata nyuma zilisema surua imeingia huko na watoto wanazikwa. Surua Mwamini aliijua. Ilimchukulia Amri jicho la kushoto akiwa na miaka miwili, baada ya yeye kwenda naye zahanati mara tatu na kuambiwa mara tatu kwamba chanjo imekwisha. Sasa Amri ana miaka minane, na jicho lile ni jeupe.

"Mpaka saa ngapi utatusubiri?" aliuliza.

"Saa tisa naondoka. Barafu haina huruma."

"Nitakuletea wanne."

Wanawake walitazamana. Mmoja akaguna. Kijiji kilikuwa kitupu, watu wote wako mashambani wanaokota korosho, wengine wamehamia huko huko vibandani na watoto wao. Lakini hawakuguna kwa ajili ya korosho. Waliguna kwa sababu aliyesema atatafuta watoto wa kuchanjwa ni Mwamini.

"Basi mwache Hajra hapa kivulini," alisema nesi. "Jua hilo."

"Haachiki. Meno yanamsumbua." Akamfunga mgongoni kwa kanga, akatoka.

*

Tuseme tu, maana kila mtu pale anajua. Miaka mitatu nyuma, gari lilikuja kijijini na wataalamu na sindano za pepopunda, za wanawake na wasichana, bure. Mkutano uliitwa. Mwamini alisimama akiwa na Amri mkononi, akamgeuza uso watu wamwone jicho.

"Huyu alipokuwa anaungua," alisema, "niliambiwa hakuna. Panado hakuna, hata pamba hakuna. Leo sindano imekuja na gari mpaka mlangoni, bure, na tunabembelezwa! Mtu akikupa bure ambacho hukumwomba, na ulichomwomba alikunyima, muulize amekuja kuchukua nini. Wanataka matumbo yetu, tusizae!"

La matumbo alilisikia Ruangwa sokoni, hakulitunga yeye. Lakini lile la kumuuliza mtu amekuja kuchukua nini lilikuwa lake, nalo likawapata watu kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Wanawake waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao. Gari likaondoka na sindano zake. Maneno yale yakabaki, hata watoto waliyajua, na Mwamini kwa muda akawa mtu wa kusikilizwa.

*

Beatrisi hakumpa shida. Alikuwa Mmakonde, wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita, na Kiswahili chake kilikuwa cha mkato. Alimkuta anatwanga muhogo, watoto wawili wanatambaa na kukimbizana na kuku.

"Wote wawili hawajachanjwa?" aliuliza Mwamini.

"Huyu mkubwa nilipeleka, waliambia hakuna. Nilirudi, waliambia tuko watatu, haitoshi. Nikachoka." Beatrisi aliuweka mchi. "Wewe si ulikataza?"

"Nilikataza."

"Sasa?"

"Sasa kuna surua Mandawa."

Beatrisi alimtazama, akatazama watoto wake, akaacha unga kwenye kinu bila hata kuufunika. "Kwetu surua ilimaliza wanne," alisema. "Wa mama mmoja. Mimi sina maneno, naenda." Alimfunga mdogo, akamshika mkubwa mkono, na kabla ya kuondoka alimfuta Hajra makamasi kwa pindo la kanga yake mwenyewe, kama mama yeyote anavyomfuta mtoto wa mwenzie.

Nane.

*

Ildefonsi alikuwa uani kwake na vibarua watano wanachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule. Mkewe alikuwa amelala ndani ana homa, na binti yao wa mwaka mmoja alikaa juu ya gunia. Alimsikiliza Mwamini mpaka mwisho, akitafuna kijiti.

"Haa! Mama Amri!" alisema kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. "Umekuja kula matapishi yako uani kwangu?"

Vibarua walicheka.

"Nimekuja kuomba mtoto akachanjwe, baba."

"Mke wangu alikusikiliza wewe siku ile. Nilimwambia twende, akasema Mama Amri kasema. Mimi kichwa cha nyumba, lakini aliyesikilizwa ni Mama Amri." Alitema kijiti. "Mtoto nitakupa. Ila sema kwanza mbele ya hawa kwamba ulidanganya."

Vibarua waliacha kuchambua. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo nilidanganya, neno moja tu, lakini hakudanganya, nyie! Friji ilikuwa tupu kweli, na mwanawe jicho lilipasuka kweli. Hasira yake ilikuwa ya haki, na ndiyo maana iliwapeleka watu mbali. Angeielezaje hiyo mbele ya watu wanaosubiri kucheka?

"La matumbo halikuwa kweli," alisema. "Lile nilidanganya."

"Hatujasikia huku nyuma," alisema kibarua mmoja.

"Nilidanganya!"

"Haya," alisema Ildefonsi, na furaha ilikuwa imeshamtoka, kama mtu aliyeshinda ugomvi na mtoto. Alimnyanyua binti yake mwenyewe akaelekea zahanati, asimtazame tena.

Tisa.

*

Saa nane kasoro alifika kwa Bi Kulthumu, na hakuna nyumba aliyotamani kuipita zaidi ya hiyo.

Bi Kulthumu alikuwa mtu mzima, mtulivu, asiyependa makelele. Binti yake Somoe alikuwa shambani, na mjukuu, Mikidadi wa miezi kumi na moja, aliachwa na bibi. Alikuwa anamlisha uji.

"Hodi hapa."

"Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bi Kulthumu. Ndivyo alivyozoea kumkaribisha kila mtu. "Mshushe mtoto, jua limempiga. Ona macho yalivyomuiva."

Mwamini alimshusha Hajra mkekani. Bi Kulthumu, kwa kuwa si desturi mtoto mmoja ale na mwenzie atazame, alichota uji akampa Hajra, kisha Mikidadi, kisha Hajra, kikombe kimoja na kijiko kimoja. Hajra alilamba mara mbili akakataa, akakohoa. Mikidadi alimshika nywele, akacheka.

Mwamini alieleza. Kichupa, kumi, tisa, saa tisa. Alieleza haraka, macho yake kwenye mkeka.

Bi Kulthumu alimpangusa Mikidadi kidevu. "Nilikuwa najiuliza utafika lini kwangu."

"Bi Kulthumu..."

"Tulia. Miaka mitatu nimekaa kimya, leo nisikilize kidogo. Somoe alikuwa na mimba siku ya mkutano ule. Nilikuwa nimeshamwambia akachomwe. Akarudi hajachomwa, anayasema maneno yako moja moja kama aya. Akazaa. Siku ya sita mtoto akaacha kunyonya, taya zikafunga. Tukasema dege, tukamfukiza. Siku ya nane tukamzika. Wewe ulikuja msibani, Mwamini. Ulilia kuliko mimi."

"Sikujua kama..."

"Nani alijua? Nesi ndiye aliyeniambia baadaye, kitovu hicho, pepopunda hiyo. Mimba ya huyu Mikidadi nilimshika Somoe mkono mimi mwenyewe, tukatembea mpaka Ruangwa, siku mbili, akachomwa. Mimi sindano siikatai." Alimpakata mjukuu. "Nakukataa wewe. Mjukuu wangu atachanjwa. Nitampeleka mwezi ujao, kwa miguu yangu, siku yangu. Lakini hatakwenda leo kukutimizia wewe hesabu. Wangu si wa kujazia."

Mwamini alimfunga Hajra mgongoni, akaaga, na Bi Kulthumu akamjibu vizuri, kwa adabu zote. Ni heri angemtukana.

*

"Tisa," alisema Mwamini. Alikaa ngazini pa zahanati, miguu imejaa vumbi. "Kwa Bi Kulthumu amekataa."

Nesi Dionisia alitazama jua, akatazama boksi. Barafu ilikuwa imebaki maji na kipande kimoja. Ildefonsi alikuwa amesimama pembeni na binti yake, Beatrisi na wawili wake.

"Tisa," alisema nesi. "Basi nitaulizwa kwa moja. Nimechoka na mimi, jamani."

Akafungua. Alikoroga kile kiunga na maji yake, akavuta, akaanza. Kilio kimoja kikaamsha kingine, na baraza nzima ikawa vilio na kubembeleza. Mwamini alijiweka wa mwisho. Alijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimtoa Hajra mgongoni, akamvua kigauni mkono mmoja.

Nesi alishika ule mkono, akausimamisha hapo hapo.

"Ana joto tangu lini?"

"Juzi. Meno hayo."

"Na macho haya?"

"Vumbi. Nimezunguka naye kutwa."

Nesi aliiweka sindano chini. Alimgeuzia Hajra uso kwenye mwanga, na mtoto akafumba macho akalia, mwanga unamuuma. Akamfungua mdomo kwa kidole, akachungulia ndani ya shavu. Aliangalia muda mrefu. Kisha akamfungua kanga na kumtazama nyuma ya masikio.

"Mama Amri. Nasikia ulikwenda msibani Mandawa. Lini?"

Mwamini aliinama kuchungulia. Ndani ya shavu la mwanawe, pale nesi alipomwonyesha, kulikuwa na vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imeanza kuvimba kwa madoa mekundu, machache, ambayo asubuhi hayakuwepo.

"Mchome hivyo hivyo," alisema.

"Ya kuzuia haizuii kilichokwisha ingia."

"Mchome, dada. Nimemtafutia watoto watatu mimi!"

"Najua," alisema nesi. "Najua, mwenzangu."

Barazani, benchi lilisogea. Mama mmoja alimhamisha mwanawe titi la upande wa pili, wa pili yake akainuka kabisa. Beatrisi aliikunjua ile kanga aliyomfutia Hajra makamasi, akaitazama, akaitupa chini.

"Hawa wameshachanjwa," nesi aliwaambia, kwa sauti ya kazi. "Chanjo ikimuwahi mtoto ndani ya siku tatu tangu akutane na mgonjwa, inaweza kumkinga. Nendeni nyumbani." Kisha akamgeukia Mwamini, taratibu. "Umepita naye wapi kwingine? Nani amekaa na Hajra na hayupo hapa?"

Mwamini aliinua kichwa.

"Mikidadi," alisema. "Wamekula kijiko kimoja."

Nesi alikiinua kichupa kwenye mwanga. "Mbili zimebaki. Jua likizama namwaga. Mwache Hajra hapa ndani, mimi ninaye. Kimbia."

*

Alikimbia. Watu wa korosho walimwona anapita bila mtoto, kanga mkononi, wakadhani kuna msiba. Alisimama nje kabisa ya uwanja wa Bi Kulthumu, kwenye mpaka wa fagio.

"Hodi."

Bi Kulthumu alitoka na Mikidadi kiunoni. Alimtazama mgongo mtupu. "Mwanao yuko wapi?"

"Usinisogelee." Mwamini alihema. "Hajra ana surua. Alikuwa nayo asubuhi. Nimekuletea mimi, Bi Kulthumu, nyumbani kwako, nikaikalisha mkekani. Zimebaki dozi mbili. Mpeleke sasa hivi, atakingika. Nitapita njia ya nyuma, hutaniona. Usimpeleke kwa ajili yangu. Mpeleke tu."

Mikidadi, kwa kumwona mtu aliyemzoea mchana huo, alinyoosha mkono akacheka.

Midomo ya Bi Kulthumu ilitikisika kama anahesabu. Alikwenda mkekani, akakichukua kile kikombe na kile kijiko, akavitazama, akavirudisha chini. Kisha akamfunga mjukuu mgongoni, akakaza fundo mara mbili, akashika njia. Alipita mbele ya Mwamini bila kugeuka. Mwamini alimfuata kwa mbali, hatua ishirini nyuma.

*

Mikidadi alilia kidogo tu. Nesi Dionisia aliandika jina lake, la tisa, kwenye daftari, akakitikisa kichupa. Dozi moja ilikuwa imebaki chini. Ilikuwa ya Hajra. Alikwenda nayo nyuma ya zahanati, kwenye shimo la choo, na wote wawili, Bi Kulthumu barazani na Mwamini chini ya ngazi, walisikia kifuniko kikigonga.

Akarudi akifuta mikono. "Vidonge vya vitamini vya kumwokoa macho sina," alimwambia Mwamini. "Viko mjini. Nitarudi navyo kesho. Nisiporudi kesho, kesho kutwa. Mweke gizani, mnyonyeshe, mpe maji, na usimpeleke kwa mtu."

"Amri alisubiri siku nne," alisema Mwamini.

"Nitakuja kesho," alisema nesi, na akaanza kufunga boksi tupu kwenye baiskeli.

Mwamini alimpokea Hajra. Mtoto alikuwa amelegea na moto, kichwa kikaanguka begani. Amri alikuwa amefika kumtafuta mama yake, kasimama barabarani na kibuyu cha maji, hajui kama asogee au asisogee, maana watu wote wamekaa mbali na mama yake.

"Bi Kulthumu," alisema Mwamini. "Nisamehe."

Bi Kulthumu alikuwa anamtengeneza mjukuu mgongoni.

"Kusamehe leo siwezi," alisema. "Nimechoka, mwanangu. Labda siku nyingine." Alishuka ngazi, akampita, akaenda mpaka pale barabarani. "Huyu nampeleka kwangu, ale, alale. Utamuuguza mtoto vipi na huyu anataka ugali? Yeye surua haimrudii tena. Ilishachukua chake."

Alimshika Amri mkono. Mwamini alimfunika Hajra uso kwa kanga, kwa ajili ya lile jua lililobaki, akasimama hapo na mzigo wake mikononi. Walipofika kwenye kona, Amri alitaka kumwona mama yake, na kwa kuwa mama alikuwa upande wake wa kushoto, wa lile jicho jeupe, ilimbidi ageuze kichwa chote.